Mjadala: Visa vya kale vya mezani tuvifufue, au tutunge vyetu?

Mtoa mada, Mkomani: Salaam wana Lamu. Kundi letu la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika ndani ya kisa kinachoongozwa na mwendesha mchezo, limegawika. Wako wanaotaka likizo ya Agosti tuchezeshe visa vya kale, vya miaka ya mwanzo baada ya mchezo wenyewe kutoka Marekani mwaka 1974. Mimi nataka vipya.

Tazameni kisa cha Tomb of Horrors. Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu, alikichezesha kwenye mashindano mwaka 1975 ili kuwapima wajuzi waliojiona hawashindiki. Mitego yake inaua papo hapo. Mgeni aliyekaa jioni nzima akimtunga mhusika wake, akifa kabla hajafika popote, wiki ijayo haji. Inaniuma, maana tunapoteza vijana wenye vipaji.

Mchangiaji, Langoni: Ndugu yangu, umechagua kilicho kikali kuliko vyote, ukavihukumu vyote. Soma Ravenloft ya 1983, kazi ya Tracy na Laura Hickman. Mchezo ukianza hupangwa karata za ramli, na ndizo zinazoamua silaha zimefichwa wapi na mnyonya damu aliye adui wa kisa hicho anataka nini safari hii. Kundi lililokwisha kukicheza hukirudia na bado lisijue njia. Kilipofufuliwa mwaka 2016, karata zilibaki. Mwaka 2020 wachapishaji wakatangaza kurekebisha namna kilivyowachora Wavistani, watu wa kuhamahama ndani ya kisa, kwa kuwa picha ile iliwadhalilisha Waroma wa kweli (jamii iliyoko Ulaya, si watu wa Roma). Kufufua kwa namna hiyo ndiko ninakokutetea. Anayetunga leo bila kuvisoma visa hivi atahangaika na mambo yaliyokwisha kupatiwa dawa zamani.

Mchangiaji, Shela: Kuvisoma, sawa. Lakini sisi tunacheza kwa Kiswahili, na kukifasiri kisa cha mtu na kukisambaza kunahitaji ruhusa yake. Kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo huu ni habari nyingine: tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Ziandikie kisa chako, kiuze ukitaka, mradi utaje chanzo.

Na visa tunavyo. Fumo Liyongo yuko gerezani, tupa imefichwa ndani ya mkate, nje ngoma inapigwa kufunika sauti ya chuma. Wachezaji wetu wangemtoaje? Au Takwa, hapo Manda, mji ulioachwa karne ya 17. Mashua hupenya mikoko maji yakijaa, yakipwa, umekwama. Mwendesha mchezo hahitaji mtego mwingine.

Mtoa mada: Takwa hiyo naitaka! Tena karata za Langoni ziingie: ziamue kila mara kwa nini watu walihama, na hazina iko wapi, pengine chini ya lile kaburi la mnara.

Mchangiaji, Shela: Kaburi hapana, ndugu. Wazee wetu huenda kulizuru na kuomba mvua. Hazina itie kisimani, na kabla hatujaandika chochote tuwaulize wazee wenyewe.