Naomba ushauri: kichekesho chetu kinachukuliwa kuwa kisa cha kweli

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Ujiji, Kigoma.

Kikundi chetu cha maigizo kimerekodi kichekesho kinachodhihaki vipindi vya runinga vya kuanika siri za watu, kwa mtindo wa The Jerry Springer Show iliyorushwa Marekani kuanzia 1991 hadi 2018: mtangazaji mpole, wageni waliofumaniana, walinzi wa kuamulia ugomvi na ukumbi unaozomea. Tulipowaonyesha majirani sehemu ya kwanza, wengi waliamini, na mama mmoja muuza dagaa akamfuata mwigizaji wetu hadi gengeni kumsuta kwa kumtelekeza mke ambaye, kwa hakika, hana. Tuliweka maandishi ya "haya ni maigizo" mwanzoni, yakapita watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Tukamvalisha mlinzi miwani ya kuogelea, wakamcheka yeye na kuendelea kumlaani mume.

Naomba kuuliza: tutie chumvi wapi, kwenye maswali ya mtangazaji au kwenye visa vyenyewe, ili dhihaka imwangukie mtangazaji badala ya mgeni? Na aliyewahi kupeleka kazi ya namna hii Bodi ya Filamu, alitakiwa kuambatisha nini?

Natanguliza shukrani.