Gérard Oury: mwigizaji aliyeshindikana, au mwongozaji aliyechelewa kujijua?

Askari_wa_Pili:
Habari zenu wakuu. Juzi usiku nimeangalia La Grande Vadrouille, ile filamu ya vichekesho ya Kifaransa ambamo Louis de Funès na Bourvil wanawakimbia Wajerumani wakati wa vita, kwa mara ya tatu, na safari hii sikulala kabla ya majina ya mwisho. Nikaanza kumfuatilia huyu Gérard Oury aliyeiongoza. Kumbe jamaa aliigiza miaka kama ishirini kabla hajashika filamu yake ya kwanza, na wala hakuwa mtu wa vichekesho!

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa jukwaani, na jina langu la humu nimelipata kazini. Kila mchezo napewa askari wa pili, yule anayesema "Ndiyo, afande" halafu anatoka. Oury aliacha kuigiza kwa kuwa kipaji kilikuwa kidogo, au? Na mtu wa majonzi anageukaje fundi wa kuchekesha akiwa ameshaipita arobaini?

Mkasi_na_Gundi:
Karibu, afande. Mimi riziki yangu ni kuhariri filamu, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa chumba cha kuhariri.

Kipaji alikuwa nacho. Alizaliwa Paris mwaka 1919, baba mpiga fidla, mama mwandishi wa habari. Alisoma uigizaji Conservatoire, chuo cha taifa cha sanaa, na mwaka 1939 alikuwa ameshaingia Comédie-Française, jumba la maigizo la taifa, ambako waigizaji wengi wa Ufaransa huishia kupaota tu. Zikaja sheria za serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, dhidi ya Wayahudi, naye alikuwa mmoja wao. Akakimbilia kusini, kisha akavuka hadi Uswisi, akaigiza Geneva huku akisubiri vita viishe. Aliporudi mwaka 1945 alikuwa na sura, alikuwa na sauti, ila kwenye mabango majina ya juu yalikuwa ya wengine. Mwaka 1953 aliigiza Napoleon katika Sea Devils ya Raoul Walsh. Napoleon mzima! Na bado anayeikumbuka filamu ile atakutajia Rock Hudson na Yvonne De Carlo.

Mlango ulifunguka mwaka 1958 kwenye Le Miroir à deux faces ya André Cayatte. Oury alishiriki kuiandika, na humo ndani ni daktari wa upasuaji anayembadilisha mwanamke sura. Mwanamke huyo ni Michèle Morgan, ambaye baadaye akawa mwenzi wake wa maisha. Mume wa huyo mwanamke ni Bourvil, mchekeshaji aliyepewa nafasi chungu kama shubiri. Sina shaka kuwa Oury aliyaona hapo mambo ambayo Wafaransa wengine walikuwa hawajayaona kwa Bourvil.

Filamu zake za kwanza kama mwongozaji zilikuwa za mtu anayepapasa gizani. Ya tatu, Le crime ne paie pas ya 1962, ni visa vya mauaji, na mchekeshaji Louis de Funès ana kipande kidogo tu cha mhudumu wa baa. Ni de Funès huyo aliyemweleza kwamba yeye ni mtu wa vichekesho, na kwamba hatajipata mpaka akubali. Fikiria unaambiwa hivyo na mtu uliyempa dakika chache! Mwingine angenuna. Oury akaenda kuandika Le Corniaud, ikatoka mwaka 1965, ikauza tiketi zaidi ya milioni 11 Ufaransa peke yake. Alikuwa anakaribia miaka 46.

Sasa twende kwenye unachokiuliza hasa, namna ya kugeuka. Mimi nasema hakugeuka. Rudi kwenye La Grande Vadrouille, zima sauti kabisa, utazame pale wanapotoroka kwa miguu. De Funès anashuka ukutani, anaangukia mabegani kwa Bourvil. Hilo halikupangwa, walilibuni wenyewe wakiwa kazini, na Oury akaliacha mpaka likaingia kwenye bango la filamu. Wengi wanaliishia hapo. Mimi nilipolirudia bila sauti nikagundua kwamba kicheko hakianzi kwenye kuanguka. Kinaanza pale Bourvil anapoendelea kutembea naye. Hamtupi chini, hamuulizi kitu, anambeba tu kama mtu aliyezoea kubebeshwa. Na de Funès huko juu hana haraka ya kushuka! Mhariri mwoga angekata mapema. Ukikata pale, umeua kicheko. Anayejua kuwa mwigizaji apewe nafasi amalize pumzi yake ni mtu aliyewahi kukatwa katikati ya pumzi.

Halafu ile hoteli, namba ya mlangoni. 6 inageuka 9, watu wanaingia vyumba visivyo vyao, na de Funès anajikuta kitandani na ofisa wa Kijerumani anayekoroma, akidhani ni mwenzake, anampigia mluzi anyamaze. Ni kitu kidogo kama namba, lakini kosa likigundulika ni kifo. Oury alijua kukimbia Wajerumani ni nini. Hofu ya wale wawili hakuifanyia mzaha. Mzaha wote uko kwenye wanachokifanya kwa sababu ya hofu.

Kiti_cha_Nyuma:
Mkasi, unaandika vizuri lakini unamtukuza mno. Mpe mtu yeyote Bourvil na de Funès kwenye fremu moja uone kama hatauza tiketi. Bourvil alipofariki mwaka 1970 na de Funès alipopata mshtuko wa moyo mwaka 1975, Oury alibaki na nini? Le Schpountz ya 1999 nani anaikumbuka?

Mkasi_na_Gundi:
Le Schpountz nakuachia, sina utetezi. Lakini hao wawili waliwahi kuwa pamoja kwenye filamu kabla ya Oury na hakuna aliyeshtuka. Kuwaweka pamoja ni jambo moja, kujua nani abebe na nani abebwe ni jingine. Bourvil alipoondoka, La Folie des grandeurs ilikuwa imeandikwa kwa ajili yake. Oury hakutafuta Bourvil wa bandia. Alimchukua Yves Montand, mwimbaji na mwigizaji, akaliandika upya lile jukumu la mtumishi, akawa mtumishi mjanja mwenye maringo. De Funès naye, aliyekuwa anamwonea mnyonge, ghafla anacheza na mtu anayemzidi akili. Na L'As des as ya 1982, yenye mwigizaji Jean-Paul Belmondo, iliuza tiketi zaidi ya milioni tano. De Funès hayumo.

Mama_wa_Manukuu:
Naomba niongeze jambo mnalolipita haraka. Kuanzia La Grande Vadrouille, aliyekuwa anaandika naye ni binti yake, Danièle Thompson, aliyezaliwa mwaka 1942 vita vikiwa vimepamba moto. Les Aventures de Rabbi Jacob ya 1973 waliiandika pamoja pia. De Funès ni mwenye kiwanda anayewabagua Wayahudi, Waarabu, na kila asiyefanana naye, halafu inabidi avae kama rabi, kiongozi wa dini wa Kiyahudi, ili apone. Ilitoka tarehe 18 Oktoba, wiki mbili hazijafika tangu vita vya Israeli na Waarabu vianze Mashariki ya Kati. Ingekuwa rahisi kuisogeza mbele. Haikusogezwa.

Mimi hutafsiri manukuu, yale maandishi ya chini ya filamu, na nawaambia ukweli: filamu za Oury ndizo zinazonipa kazi kidogo kuliko zote. Kuna vipande virefu ambavyo sina cha kuandika.

Kiti_cha_Nyuma:
Hiyo ya manukuu nimeikubali, dada. Ya Montand bado natafuna.

Askari_wa_Pili:
Asanteni sana. Jana nimezima sauti kama alivyosema Mkasi. Nimerudia ukutani mara sita. Mara ya nne nikaacha kumwangalia de Funès kabisa, nikawa namwangalia Bourvil peke yake, yule aliye chini. Kesho tuna mazoezi. Nafasi yangu ni ileile, ila nimemwomba mwongozaji niache kutoka haraka baada ya "Ndiyo, afande". Amesema atatazama.