Naomba ushauri: fimbo za Mizuno za mtumba au nusu seti mpya kwa anayeanza gofu?

Mzawa_Arusha
Wakuu habari za jioni. Nimeanza gofu miezi minne iliyopita na mpaka leo naazima fimbo za watu, kila Jumamosi namsumbua mtu. Sasa nimepata seti mbili kwa muuzaji mmoja na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ya kwanza Mizuno za mtumba, kuanzia aini (fimbo ya chuma) namba 3 mpaka wedji (ya mipira mifupi ya juu), zile bledi, nyembamba bapa, zinang'aa hatari, laki nane. Ya pili nusu seti mpya, draiva ya kupigia mbali, haibridi (mchanganyiko wa aini na fimbo ya mbao), aini 5, 7, 9, wedji, ya kuputi na begi lake, laki tisa na nusu. Nichukue ipi?

fundi_shafti
Mkuu umetaja bei na mng'ao tu. Urefu wako? Umri? Aini 7 unapiga yadi ngapi? Shafti (miti) za hizo Mizuno zimeandikwa R, ya kawaida, au S, ngumu? Bila hayo tunapiga ramli.

MamaWawili
Nusu seti, bila kuuliza. Sheria inasema fimbo zisizidi 14, haijasema lazima ubebe zote. Na hiyo aini 3 utaibeba tu, hata wanaojua wengi wameitoa wakaweka haibridi, maana uzito wa haibridi umekaa chini na nyuma, mpira unanyanyuka hata ukiugusa vibaya kidogo.

Njoro254
Hizo Mizuno wachana nazo kabisa. 2019 nilikuwa handikapu 26 hapa Nairobi (namba ikiwa kubwa ujue mtu bado anajifunza), jamaa wa handikapu 4 akaniuzia bledi zake, shafti za chuma za S, akaniambia hizi zitakufunza kupiga vizuri kwa lazima. Bledi haina shimo nyuma, chuma chote kimejaa pale katikati, ukiupatia hapo mpira unatoka laini mpaka unasikia raha mkononi, lakini mimi kati ya mipira kumi labda miwili ndiyo nilikuwa naipatia. Ile mingine inagonga kwenye ncha, fimbo inajipinda, vidole vinakufa ganzi, hasa ile baridi ya Julai asubuhi. Mpira unaenda chini chini, unaishia kulia. Nikadhani ni swingi yangu, nikazidi kukaza, navuta kwa nguvu zote, kiwiko kikaanza kuuma, ikafika siku nashindwa kuinua sufuria ya ugali. Miezi mitatu sikucheza. Niliporudi mwalimu akanipa aini 7 yenye shimo nyuma, shafti ya R, nikapiga kumi mbele yake, saba zikanyooka. Niliumia bure.

Kedi_wa_Zamani
Sikubaliani. Nimebeba mabegi ya watu miaka tisa, siku yetu makedi tulikuwa tunacheza na fimbo tatu za kuokoteza, aini 5, aini 8 na ya kuputi, bledi hizohizo, hakuna aliyetupima shafti. Na maprofesheno wangapi Tanzania na Kenya wametokea kwa makedi? Chukua bledi, mkono utajifunza.

fundi_shafti
Kaka heshima yako, lakini nyie mlianza wadogo na mlikuwa uwanjani kila siku, huyu anacheza Jumamosi kwa Jumamosi. Halafu akienda kujaribu asidanganywe na umbali. Uso wa aini 7 ya bledi za zamani umelala digrii 34 au 35, hizi mpya za wanaoanza unakuta 28 mpaka 30, umesimama zaidi kama wa aini ya namba ndogo, ya kupigia mbali. Mtu anashangilia fimbo mpya inaenda mbali, kumbe kashika aini 5 iliyoandikwa 7.

Mzawa_Arusha
Asanteni sana. Nina miaka 44, futi sita na inchi mbili. Aini 7 naipiga kama yadi 140 ikikaa vizuri. Shafti za Mizuno ni S. Halafu nilisahau, mimi ni wa mkono wa kushoto. Mizuno ni za kushoto, nusu seti ni ya kulia.

fundi_shafti
Hilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza! Na Arusha mko mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, ukishuka Dar hiyo 140 hufiki. S ni ngumu kwako. Na kwa urefu huo fimbo yoyote ya dukani ipimwe kwanza, isije ikakuinamisha.

MamaWawili
Mbona yule bingwa wa gofu Mmarekani, Phil Mickelson, anaandikia kulia na anacheza kushoto? Acheze kulia tu, fimbo ziko tele.

Kedi_wa_Zamani
Dada, Mickelson alianza akiwa mtoto, akimwangalia baba yake kama kwenye kioo. Huyu ana 44.

Njoro254
Ngoja kwanza. Umesema unaazima miezi minne. Unaazima za kulia au za kushoto?

Mzawa_Arusha
Za kulia, ndizo zilizopo kilabuni. Hata hiyo 140 ni ya kulia.

MamaWawili
Si nilisema!

Kedi_wa_Zamani
Kama kwa mkono usio wake anafika 140, wa kwake je?

Mzawa_Arusha
Muuzaji amekubali kuniachia aini 7 ya kushoto kesho mpaka jioni. Nitapiga mipira hamsini kila upande.

MamaWawili
Basi tafuta na glavu, ukipiga kushoto inavaliwa mkono wa kulia.

Tunu_Moshi
Samahani kuingilia. Kama hiyo nusu seti huichukui naomba uniunganishe na muuzaji. Mimi futi tano na inchi sita, kulia.