Vitz, Fit GK3 au Demio DJ? Naulizia vitu vidogo, siyo mafuta

BabaKyaliwajjala
Habari wakuu. Natafuta gari ndogo ya familia, mimi, mke, watoto wawili (mkubwa miaka 6, mdogo mwaka na nusu) na mama mkwe ambaye kila mwezi anakuja kutoka Masaka na matoke yake. Nimechuja mpaka zimebaki tatu, Toyota Vitz KSP130 1.0 ya 2014, Honda Fit GK3 1.3 ya 2014 na Mazda Demio DJ 1.3 ya 2015 (KSP130, GK3 na DJ ni namba za toleo). Ile sheria ya Uganda ya 2018 ya kuzuia kuingiza nchini gari zilizofikisha miaka 15 zote zinapita. Habari ya mafuta na spea nimesoma mpaka macho yanauma, najua wengi mtasema Vitz, sawa nimesikia. Nataka vile vitu vidogo ambavyo mtu anavijua baada ya kukaa na gari mwaka mzima, vya kurahisisha maisha na vya usalama. Nimepita bondi tatu (yadi za gari zilizoagizwa nje), kila mahali ni rimu, redio na rangi, nikauliza ipi ina eabegi (mifuko ya hewa) za pembeni nikaambiwa zote zina eabegi, mazungumzo yakaishia hapo.

NnyaboMukono
Karibu kaka. Mimi nina Vitz ya 2012, mwaka wa nne huu. Nikuambie kitu ambacho nilikaa nayo miezi nane bila kukijua: kiti cha abiria cha mbele, ukingo wake wa mbele unanyanyuka unakuwa kama kizuizi ili ukifunga breki mzigo usimwagike chini. Niligundua siku mwanangu anachezea chezea pale. Sasa trei ya mayai naiweka hapo kutoka soko la Mukono mpaka nyumbani, matuta yote yale, na mayai yanafika mazima. Si Vitz zote zinacho, inategemea gredi, kwa hiyo pitisha mkono mbele ya kiti ukague mwenyewe.
Kingine ni inavyokata kona, pale unapoingia kwenye kijia ukakuta lori limeziba inabidi ugeuze, Vitz inageuka bila kuhangaika. Ubaya wake nyuma ni kufupi. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kikishakaa pale, wa mbele magoti yake yanakaribia dashibodi, na wewe una mtoto wa mwaka na nusu, fikiria hilo vizuri.

MakanikaArua
Salaam kutoka Arua. Hizi tatu zote zinapita gereji kwangu na kuna kitu nataka kila anayenunua akielewe, manake nimeshafungua injini nyingi zilizokufa kwa sababu hiyo. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye mshale wa joto la injini. Kuna taa tu. Asubuhi injini ikiwa baridi inawaka ya bluu, ikishapata joto inazimika, na maji yakichemka inakuja nyekundu. Mtu aliyezoea gari ya zamani yenye mshale anaendesha tu, nyekundu inawaka kwenye jua la mchana hajaiona, akishtuka ni moshi.
Sasa hiyo ya bluu itumie kununulia. Nenda bondi asubuhi kabla hawajawasha, omba waiwashe wewe ukiwepo, zunguka nayo kidogo. Bluu inatakiwa izimike baada ya dakika chache. Ukiendesha robo saa, nusu saa, bado bluu ipo au inazimika na kurudi, mara nyingi kuna mtu ametoa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wetu wengi wanaitoa wakidhani wanasaidia gari isichemke, na pengine walikuwa wanaficha rejeta iliyoziba. Injini inayokaa baridi muda wote inakula mafuta na inachakaa upesi.
Eabegi fanya hivi. Kama ni ya kitufe, usikanyage breki, bonyeza mara mbili mpaka taa zote za dashibodi ziwake bila injini, kama ni ya funguo zungusha mpaka ON. Tafuta taa nyekundu ya mtu aliyekaa na duara mbele yake. Inatakiwa iwake, ukae ukihesabu mpaka kama sita, izimike. Ikibaki imewaka kuna hitilafu. Isipowaka KABISA, hiyo naiogopa zaidi, manake inaweza kuwa mtu ameikata makusudi kwa sababu eabegi zilishapasuka kwenye ajali na hazikurudishwa. Kama ziko za pembeni utaona maandishi SRS AIRBAG ubavuni mwa kiti cha mbele upande wa mlango, na za pazia, zile zinazoshuka kufunika madirisha, maandishi yake yako juu kwenye nguzo za madirisha. Usipoyaona hesabu kwamba una mbili tu za mbele.
Na namba ya chasisi, iingize kwenye tovuti ya Kijapani ya aliyetengeneza gari (Toyota, Honda na Mazda wote wanayo) uone kama kuna recall haijafanyika, yaani kiwanda kiliita gari irudishwe irekebishwe kasoro na haikupelekwa. Zile eabegi za Takata zilizokuwa zinarusha vipande vya chuma ziliingia kwenye gari nyingi ndogo za Japani na nyingine zilitoka kule kabla ya kubadilishwa.

FitMbale
Makanika umesema vizuri sana ssebo. Mimi ni mtu wa Fit GK3, nauza vyombo vya nyumbani Mbale na kununua mzigo naenda Kampala. Honda wameweka tenki la mafuta chini ya viti vya mbele, kwa hiyo chini ya kiti cha nyuma hakuna kitu. Unashika kile cha kukalia unakinyanyua juu kinasimama kikiegemea mgongo wa kiti, unabaki na nafasi kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Naweka sufuria kubwa zimesimama, nimeshabeba friji ndogo imesimama wima bila kulazwa. Kwa matoke ya mama mkwe, mikungu mitatu inasimama upande mmoja na mtoto na kiti chake upande mwingine, manake kinagawanyika, Vitz na Demio haziwezi hiyo.
Usalama sasa. Ukifunga breki ya ghafla ukiwa kwenye kasi, taa za hazadi zinajiwasha zenyewe zikimeta haraka haraka. Nilikuwa sijui mpaka siku ng'ombe wamekatiza mbele yangu baada ya Iganga, nikakanyaga kwa nguvu zote, na dereva wa taksi aliyekuwa nyuma yangu alisimama akaniambia ni zile taa zilizomshtua. Nilitetemeka dakika kumi nzima pale. Halafu ina kushikilia breki mlimani, ukitoa mguu kwenye breki inakushikia kama sekunde moja hivi hairudi nyuma, na kwa sisi tunaopanda Kapchorwa hiyo ni muhimu.
Ubaya mkubwa: HAINA spea taya (tairi la akiba). Fungua sakafu ya buti utakuta chupa ya gundi na kipampu. Gundi inaziba tundu la msumari, tairi ikichanika ubavuni haisaidii kitu.

Demio_Ntinda
Demio DJ yangu pia spea taya hamna, kwa hiyo hapo Fit na Demio wako sawa. Kushikilia mlimani ipo. Gia zake ni sita za otomatiki ya kawaida, siyo CVT (ile ya mkanda isiyo na hatua za gia), na barabarani inatulia kuliko zote tatu, hilo nasema kwa moyo wote, kwenye baipasi upepo wa malori hauiyumbishi. Lakini kwa familia yako nyuma ni kwembamba, tena madirisha ni madogo watoto wanalalamika hawaoni nje.
Kitu cha kuangalia ni batri. Ina mfumo wa kuzima injini ukisimama kwenye jam na kuwasha tena ukiachia breki, inataka batri maalum iliyoandikwa Q-85, bei yake si ya batri ya kawaida. Wauzaji wengi wanatupia batri yoyote. Mimi huo mfumo nauzima kila asubuhi, kuna kitufe chake, manake jam ya Jinja Road unasogea mita tatu unasimama, mita tatu unasimama, injini itazimika mara mia.

BabaKyaliwajjala
Aisee asanteni, sikutegemea. Na ile ya kujifunga breki yenyewe? Bondi moja waliniambia Demio inayo.

Demio_Ntinda
Demio nyingine zinayo, na Fit nyingine pia zinayo, ya leza iliyoko nyuma ya kioo cha mbele karibu na mira ya ndani. Inafanya kazi mwendo mdogo, chini ya kilomita 30 hivi kwa saa, na inaona GARI iliyo mbele. Bodaboda anayekatiza au mtoto anayevuka usitegemee itawaona. Halafu angalia kioo cha mbele, kama kimewahi kubadilishwa na cha bei rahisi au wamebandika tinti juu ya kile kidirisha cha sensa, ndiyo hivyo haioni tena. Vitz waliianza 2015, kwa hiyo ya 2014 usiitafute.

DerevaBusia
Mimi usiku ndiyo kazi yangu, Busia Kampala Busia, na kinachoniumiza ni taa za watu. Jamani upande wa kulia wa usukani, chini kidogo, kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Hicho kinashusha taa za mbele. Ukiwa peke yako weka 0. Ukipakia watu nyuma na buti imejaa, gari inakaa chini nyuma pua inaelekea juu, taa zako hata zikiwa za chini zinampiga mwenzako usoni. Zungusha kwenda namba za juu, utaona mwanga unashuka barabarani. Nimewahi kusimama ndani ya msitu wa Mabira kwa sababu ya Vitz iliyojaza, nilipofushwa kabisa, na kushoto kwangu kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli bila taa, nilimkosa kwa upana wa mkono. Mpaka leo namwona yule mtu na shati lake jeupe. Gari zenye taa za LED nyingi zinajirekebisha zenyewe na kigurudumu hakipo.
Kitu kingine, miguuni kwa abiria wa mbele, ukutani, mara nyingi kuna kitu chekundu mfano wa tochi kimechomekwa. Ni fataki ya dharura, kule Japani kila gari lazima iwe nayo. Inawaka moto mwekundu kama dakika tano kuonya watu gari imeharibika. Muda wake ni miaka minne kwa hiyo hizi zetu nyingi zimeshapita, na mtoto wa miaka 6 akiivuta kifuniko na kuisugua inaweza kuwaka ndani ya gari. Itoe kabla watoto hawajaizoea, nunua vibao vya pembetatu.

MzeeWaTaksi
Vijana, hayo yote ni mazuri, ila mnamwacha mtoto. Huyu mdogo anakaa wapi? Nimeendesha miaka mingi na kila siku naona mama amempakata mtoto kiti cha mbele. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisikae mbele penye eabegi hata kidogo, ikipasuka inampiga kichwani. Kaka, ingiza vidole pale mgongo wa kiti cha nyuma unapokutana na cha kukalia, utagusa vyuma viwili. Ni vya ISOFIX, kiti kinabanwa pale bila kutegemea mkanda. Zote tatu unazotaka zinavyo. Na ubavuni mwa mlango wa nyuma, ukishafungua, kuna kiswichi kidogo, ukikisogeza upande wa kufunga mlango haufunguki kwa ndani. Huyo wa miaka 6 kwenye jam ya Clock Tower atataka kufungua tu.

MwalimuLira
Naongeza moja ya smati kii, ile remoti ya gari inayowaka kwa kitufe. Mwaka jana saa nne usiku nje ya Lira, mvua, remoti ikafa batri. Gari haifunguki, haiwaki. Niko na wazee wawili nimewatoa hospitali. Kijana mmoja wa boda ndiye alinionyesha, kuna kiswichi pembeni ya remoti unakivuta na ndani inatoka funguo ya chuma, ukafungua mlango. Halafu kwa Toyota unakanyaga breki, unasogeza remoti iguse kitufe cha kuwashia, inalia bipu, unabonyeza hapo hapo. Ikawaka. Yule kijana alikataa hata pesa ya soda.
Na ikitokea gari inakimbia yenyewe, labda kapeti imekaba pedali, weka N. Ikishindikana, kitufe hicho hicho ukikishikilia zaidi ya sekunde mbili, au ukikibonyeza mara tatu mfululizo, injini inazima. Usukani na breki vitakuwa vizito, kanyaga kwa nguvu usiachie. Mfundishe na mkeo.

BabaKyaliwajjala
Wakuu nimerudi. Leo saa mbili asubuhi nilikuwa bondi na orodha yenu kwenye simu. Vitz niliyokuwa nimeipenda, ile ya fedha, nilibonyeza mara mbili kama makanika alivyosema, taa ya eabegi haikuwaka kabisa. Nikarudia mara tatu, nikamwita mke wangu naye aangalie. Haikuwaka. Muuzaji akasema ni balbu. Nikafunga mlango taratibu nikaondoka.
Fit nyekundu ya bondi nyingine: eabegi imewaka ikazimika, bluu imezimika tukiwa hatujafika hata mbali, maandishi ya pembeni yapo kwenye viti, vyuma vya ISOFIX nimevigusa kwa mkono wangu. Kiti cha nyuma mkubwa wangu ndiye alikinyanyua akaingia pale chini akakaa. Kioo cha mbele ni kile kile ilichotoka nacho kiwandani. Buti, chupa ya gundi muda umepita. Chasisi naiingiza usiku huu kabla sijalipa chochote.
Makanika, spea taya ya tundu nne nikiipata Kisekka (soko la spea Kampala), ya Vitz inaingia kwenye Fit?

MakanikaArua
Matundu yanalingana, zote ni nne kwa milimita 100. Ila ulizia kimo cha tairi kilingane na nne zako, na tundu la katikati likae vizuri kwenye habu, ijaribu pale pale kwenye gari kabla hujatoa pesa. Chukua na jeki na wili spana.

FitMbale
Jumamosi niko Kisekka kuanzia saa tatu. Njoo na gari tuijaribishe pamoja.