Tupeane uzoefu: mapumziko kando ya Bwawa la Mtera

Mkazi wa Area C: Ndugu zangu, habari za jioni. Jana nimerudi kutoka Iringa, na basi liliposimama Mtera wachuuzi wakaanza kuinua sahani za perege madirishani, nikakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja tulipokwenda kupumzika na familia. Tuliegesha gari palepale tulipoliegesha mwezi wa sita, tukakuta maji yamehama. Kwa macho yalionekana karibu, lakini tulitembea karibu saa nzima tukiwa na kapu la chakula, jiko la mkaa na watoto wawili wanaolia. Ukingoni tope lilikuwa limekauka na kupasuka juu kama ukoko wa ugali, kumbe chini ni uji. Kiatu cha mke wangu kiko huko hadi leo. Naomba waliowahi kupiga kambi, kuvua kwa ndoana au kupanda mtumbwi pale watueleze yaliyowakuta.

Mstaafu wa Migori: Kijana, maji hayakuhama, yalitumika. Bwawa lile ni ghala la maji ya mitambo ya umeme: likijaa kabisa, uso wake huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo ya Mtera yenye megawati 80 huruhusiwa kulitumia hadi mita 690, kisha maji yaleyale huteremka kuzungusha mitambo ya megawati 204 ya kituo cha Kidatu. Tofauti ya mita 8.5 ni ndogo kuitaja, ila kwa kuwa ardhi ile ni tambarare, ukingo hurudi nyuma mbali sana. Njoo mwezi wa tano, mito ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo ikiwa imeshamimina.

Fundi Baiskeli: Naunga mkono. Kiatu changu nacho kiko huko.

Mjukuu wa Mkwawa: Naomba kuuliza, kwa nini watu wa Dodoma huizungumzia Mtera kana kwamba ni yenu peke yenu?

Fundi Baiskeli: Mpaka wa mikoa ya Dodoma na Iringa unapita hapo, ndugu yangu. Perege hajawahi kuulizwa kitambulisho.

Mama Pacha: Mniwie radhi kwa urefu, lakini habari hii imenigusa. Tulikuwa wanafunzi wanne wa chuo, tukamwomba mvuvi mmoja atupeleke kuwatazama furukombe, wale tai wala samaki. Alitutaka tutoke alfajiri. Sisi tukalala, tukatoka saa nane mchana. Upepo ulipoanza, ulileta mawimbi mafupi yanayofuatana bila kumpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi, na wakati huo tulikuwa tumeshaingia katikati ya ile miti iliyokufa, iliyokuwa pori kabla mto haujazuiwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtumbwi ukapanda kisiki. Sisemi uligonga, ulipanda, ukakaa juu yake ukiyumba, na kila wimbi likamwaga maji ndani. Mvuvi alitoa amri moja tu, kwamba tukae chini kabisa. Akavua shati lake akaziba ufa kwa kulishindilia na kidole gumba, nami nikakomba maji kwa sufuria ya wali, na wali wenyewe ukaenda nayo. Ndipo kiboko akapumua nyuma yetu, karibu kiasi cha kuona masikio yake yakitikisa maji. Mvuvi akamsemesha kwa Kihehe, kwa upole, kama anayemwomba mzee ruhusa ya kupita. Tulikaa juu ya kisiki hadi karibu saa kumi na mbili upepo ulipotulia, akatusukuma kwa pondo. Ufukweni alidai nauli yake kamili, pamoja na bei ya shati.

Mjukuu wa Mkwawa: Dada, kisiki kinachobeba mtumbwi wenye watu watano sijawahi kukiona.

Mama Pacha: Na mimi sikukiona, kaka. Kilikuwa chini ya maji.

Fundi Baiskeli: Kiboko alikwenda wapi? Ukimwona inafaa kupiga kelele.

Binti wa Ilazo: Hapana, inafaa kunyamaza kabisa. Mimi ushauri wangu ni kumla perege ukiwa ndani ya basi.

Mstaafu wa Migori: Nyote mnazungumza mkiwa nchi kavu. Anayepiga kambi asiweke hema kwenye njia ya kiboko, zile alama pana za miguu zinazopanda kutoka majini. Usiku hutoka kula majani, na akishtuka hukimbilia majini moja kwa moja, akikanyaga chochote kilicho katikati. Mtumbwini, toka alfajiri na urudi kabla ya saa nne.

Mkazi wa Area C: Ahsante, mzee. Basi tunakwenda mwezi wa tano. Mama Pacha, mvuvi huyo bado yupo?

Mama Pacha: Yupo, ila siku hizi nauli hupokea kabla hamjapanda.