Herufi zina meno Firefox, zina ukungu GIMP, ila printa inatoa safi. Naombeni msaada

Steshenari_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nina kijiduka cha steshenari hapa Tanga: kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti, kujazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Miezi mitatu iliyopita mdogo wangu alinifutia Windows kwenye laptopu (kila flashi ya mteja ilikuwa inakuja na wageni wake) akaniwekea Debian 12, aina ya Linux, yenye mazingira ya madirisha yaitwayo GNOME. Virusi nimesahau, namshukuru. Kinachonitesa sasa ni maandishi. Kila programu ina mwandiko wake.

Firefox: tovuti nyingi ziko poa. Ila nikifungua barua pepe za baadhi ya wateja, herufi zinakuwa nyembamba, zina meno kama msumeno. Cha ajabu, nikibonyeza Ctrl na + mara nne hivi zinalainika ghafla. Nikirudisha, meno yanarudi.

GIMP, ambayo ndiyo nakatia pasipoti: hapa hakuna meno, kuna ukungu. Menyu nzima kama naiangalia kwa miwani ya bibi yangu.

Programu ya mafaili na ile ya mipangilio: zinasomeka, lakini zimepauka ukilinganisha na terminali iliyo pembeni yake.

Nikichapa, karatasi inatoka safi kabisa. Laptopu ni inchi 14, 1920 kwa 1080. Nimeshaitoa Firefox na kuirudisha mara mbili, hola. Jana mteja kaniuliza kama kompyuta yangu inaumwa macho.

Kibopa255

Rudi Windows dada. Linux waachie watu wa seva.

fundi_mwembeni

Andika tu `sudo apt install ttf-mscorefonts-installer`, zima uwashe, kwisha habari.

MzeeWaTerminali

Fundi, kifurushi hicho kinaleta Arial, Times New Roman, Verdana, Georgia na wenzao wa enzi hizo. Kwa haya aliyoyaeleza hakitagusa kitu, atamaliza bando bure.

Binti yangu wa Tanga, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja hapa na "fonti mbaya, nisaidieni". Mimi naona magonjwa matatu yamepanga nyumba moja, na ndiyo maana kila dawa unayojaribu inaonekana haifanyi kazi. Acha kwanza kubadilisha chochote. Nitolee haya:

1. Piga skrinishoti ya ile barua pepe yenye meno na ya GIMP, zitume kwenye simu yako uzikuze. Kasoro ikionekana na kwenye simu, tatizo liko ndani ya mfumo. Isipoonekana, ni kioo au waya, na sisi wa fonti tukalale.

2. Terminali:
`fc-match Calibri`
`gsettings get org.gnome.mutter experimental-features`
`xlsclients`

Hiyo ya tatu iendeshe GIMP na Firefox zikiwa zimefunguliwa.

Steshenari_Tanga

Shikamoo mzee. Nimefanya. Kwenye simu kasoro zinaonekana zote mbili. Barua pepe nikiikuza naona vijiti vyeusi tupu vimepangwa kama ngazi, hakuna rangi ya kijivu pembeni. Ya GIMP ni kijivu kila mahali, herufi kama imeloweshwa maji.

Majibu:

`calibri.ttf: "Calibri" "Regular"`
`['scale-monitor-framebuffer']`

Na xlsclients imeitaja GIMP, Firefox hakuna.

Halafu sijui umejuaje kuhusu Calibri. Niliileta mwenyewe. CV za watu zilikuwa zinavunjika: ukurasa mmoja unakuwa miwili, mdhamini wa mwisho anaangukia ukurasa wa pili peke yake. Nikanakili folda nzima ya fonti kutoka kompyuta ya jirani, nikaitupia kwenye `~/.local/share/fonts`.

MzeeWaTerminali

Marahaba. Nimejuaje? Umesema "baadhi ya wateja". Office tangu toleo la 2007 mpaka mwaka 2023 ilikuwa inaanzisha barua na nyaraka kwa Calibri. Anayekuandikia kwa Outlook anakutumia Calibri bila kujua. Anayekuandikia kwa simu hakutumii.

Sasa sikiliza kilicho ndani ya faili hilo. Herufi za kawaida zimehifadhiwa kama mchoro wa mistari, ukitaka ukubwa wowote mfumo unachora. Lakini Calibri, na Cambria pia, ndani yake zimewekewa vilevile vipicha vidogo vilivyokwisha kuchorwa, nukta kwa nukta, kwa ajili ya saizi ndogo. FreeType, ambayo ndiyo mchoraji wa Linux, ikikuta kipicha cha saizi inayotakiwa inakibandika kama kilivyo. Ndiyo ngazi zako zile. Ukikuza ukurasa unavuka saizi zenye vipicha, inarudi kuchora mistari, na unaona ulaini. Printa inataka saizi kubwa mno, haivigusi vipicha kabisa.

Njia ziko mbili. Mimi ningechagua ya kwanza: toa faili za Calibri na Cambria kwenye ile folda, kisha

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`
`fc-cache -f`

Carlito kila herufi yake ina upana sawasawa na ya Calibri, na Caladea vivyo hivyo kwa Cambria. Mdhamini wa mwisho atabaki ukurasa wa kwanza. Na hutakuwa na fonti ya leseni ya jirani kwenye mashine ya biashara, maana hilo nalo tusijifanye hatulioni.

Njia ya pili, kama wateja wanakukazania Calibri yenyewe, weka haya kwenye `~/.config/fontconfig/fonts.conf`:

```
<?xml version="1.0"?>
<!DOCTYPE fontconfig SYSTEM "fonts.dtd">
<fontconfig>
  <match target="font">
    <test name="family"><string>Calibri</string></test>
    <edit name="embeddedbitmap" mode="assign">
      <bool>false</bool>
    </edit>
  </match>
</fontconfig>
```

Rudia kipande cha `match` kwa Cambria. Utakutana na watu mtandaoni wanaondoa ule mstari wa `test` ili kanuni ishike fonti zote. Usiwaige. Fonti ya emoji uliyonayo, Noto Color Emoji, yenyewe ni picha tupu, na kuna programu zitakukatalia kuionyesha.

Nungwi_kodi

Nimalizie ya GIMP, mzee apumzike kidogo.

Dada, kuna mtu alikuwashia ukuzaji wa 125% kwenye skrini, sivyo? Kwenye GNOME yako chaguo hilo halionekani mpaka uwashe kile kitu kinachoitwa scale-monitor-framebuffer, na jibu lako linaonyesha kimewashwa. Programu zinazozungumza na Wayland (njia mpya ya Linux ya kuonyesha madirisha) moja kwa moja zinavumilia. GIMP ya Debian 12 ni 2.10, imejengwa juu ya GTK2, zana ya zamani ya kuchorea menyu na vitufe, na hiyo Wayland haiijui. Inapitia kwa mkalimani, XWayland, ndiyo maana xlsclients imeitaja. Inajichora kwa 100%, halafu GNOME inaivuta ile picha mpaka 125%. Picha ikivutwa inapoteza makali, hata wewe unalijua hilo kuliko sisi, si kuna wateja wanakuletea picha ya WhatsApp wanataka iwe ya pasipoti?

Hapo fonti hazina kosa lolote, ukibadilisha fonti mia moja ukungu utabaki. Fanya hivi:

`gsettings reset org.gnome.mutter experimental-features`
`gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.2`

Hakikisha skrini imerudi 100%, toka uingie tena. Sasa kinachokuzwa ni maandishi peke yake, na yanachorwa upya kwa saizi hiyo badala ya kuvutwa. Ubaya wake nakuambia kabisa: ikoni za GIMP zitabaki ndogo.

Steshenari_Tanga

Mdogo wangu ndiye aliyewasha. Alisema maandishi madogo yataniharibu macho.

Kibopa255

Amri nne kusoma barua pepe. Mimi nimekaa pale.

Nungwi_kodi

Kibopa, kaa, kiti kipo.

KijanaWaMjiWaKale

Niko Mombasa, naongezea kitu kidogo kwa yeyote atakayepita hapa. Mimi nilifuata ile njia ya pili, Firefox ikapona, lakini programu moja niliyoitoa Flathub, duka la programu za Flatpak zinazokaa kwenye boksi lake, ikabaki na meno vilevile. Flatpak zinaziona fonti zako, lakini lile faili la kanuni hazilisomi mpaka uzifungulie mlango:

`flatpak override --user --filesystem=xdg-config/fontconfig:ro`

Ilinichukua wikendi nzima kung'amua, na mke wangu bado ananikumbusha.

MzeeWaTerminali

Imebaki ile ya kupauka. Kwenye GNOME 43, ndiyo ya Debian yako, mafaili na mipangilio zimehamia GTK4, terminali bado iko GTK3. GTK4 imeacha kuzilazimisha herufi kukaa sawasawa kwenye mistari ya pikseli, kwa hiyo kijiti cha herufi kinaweza kuangukia katikati ya pikseli mbili, kila moja ikapata nusu ya weusi. Kwenye skrini zenye pikseli za kumwaga huoni tofauti. Kwenye yako unaona. Fungua `~/.config/gtk-4.0/settings.ini`, kama halipo litengeneze, uandike:

```
[Settings]
gtk-hint-font-metrics=1
```

Zifunge programu hizo na kuzifungua upya. Usitegemee muujiza, zitakaza kiasi. Mimi mwenyewe niliweka, wiki moja baadaye nikasahau kama niliwahi kulalamika.

Steshenari_Tanga

Wakuu, nimerudi. Nilisubiri duka lipungue watu.

Nimechukua njia ya kwanza. `fc-match Calibri` sasa inajibu `Carlito-Regular.ttf`. Barua pepe ni laini, sina la kusema. Nimefungua CV tatu za zamani, zote zimekaa kurasa zilezile. Moja ya wiki hii imekataa, bado inamwagika.

GIMP imekuwa kioo. Ikoni kweli zimekuwa kama punje za mtama, nitazoea. Mipangilio na mafaili nimeona tofauti ndogo, au labda natamani kuiona.

MzeeWaTerminali

Hiyo iliyokataa, bonyeza juu ya maandishi uangalie jina la fonti kwenye LibreOffice. Nadhani utakuta Aptos. Microsoft waliibadilisha Calibri kwa hiyo mwaka 2023, na Carlito haiwezi kusimama badala ya Aptos, upana wa herufi zao haulingani. Mwambie mteja akutumie PDF, au umbadilishie fonti mbele yake akiwa anaona.

Steshenari_Tanga

Ni Aptos kweli. Mzee wewe ni mganga.

KijanaWaMjiWaKale

Samahani kuchomekea. Mimi nachapa kadi za harusi, Bismillahi juu. Kwenye Firefox Kiarabu kinanijia kimelala mshazari, kinateremka kama mwandiko wa Kiurdu. Ni ugonjwa huohuo?

MzeeWaTerminali

Ni wa ukoo mmoja. Andika `fc-match sans-serif:lang=ar`. Ikijibu Noto Nastaliq Urdu, mfumo umeichagua hiyo kwa kila Kiarabu, na itabidi uiambie ipendelee Noto Naskh Arabic. Ila fungua uzi wako kijana, huu wa dada tumeshaumaliza.