Mdogo wangu kaanza kidato cha kwanza, nimueleweshe vipi Jiografia na matawi yake?

mtoto_wa_makorora
Wakuu habari za humu. Mdogo wangu kaanza kidato cha kwanza hapa Tanga, kaniletea daftari la Jiografia nimsaidie. Ukurasa wa kwanza kuna sentensi moja ndefuuu ya Kiingereza ya maana ya Jiografia, chini yake mchoro wa matawi, vyote kavinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa ila ukimuuliza maana yake anakuangalia tu. Mimi shule niliachana nayo zamani, nilichobaki nacho ni miji mikuu ya nchi na mito mirefu. Naomba mnaojua mnieleweshe kwa Kiswahili cha kawaida, hili somo linahusu nini hasa na hayo matawi yanaingilianaje? Na mifano iwe ya huku huku, msinipeleke Canada.

mwl_korogwe
Salama mkuu. Hili somo nalifundisha, na cha kwanza miji mikuu na mito mirefu weka pembeni, hiyo ni chemsha bongo. Jiografia inauliza kitu kiko wapi, kwa nini kiko hapo na si pale, na kinahusiana vipi na vilivyokizunguka. Bas. Ukishika hayo utaona ile sentensi ya daftarini inasema hayohayo, uso wa dunia, vitu vilivyotawanyika juu yake, na watu na mazingira wanavyotegemeana.

Matawi makubwa ni mawili, jiografia ya maumbile na jiografia ya binadamu, na shuleni tunaongeza ya vitendo ambayo ndo ramani, upimaji, takwimu na picha. Kwenye maumbile kuna milima na miamba, hali ya hewa, maji, udongo, mimea na wanyama. Kwenye binadamu kuna idadi ya watu na kuhama kwao, makazi, kilimo, viwanda, usafiri, mpaka siasa na mipaka. Ila usimkaririshe hiyo orodha, mchukulie mkonge.

Mkonge unaouona toka Ngomeni mpaka huku kwetu Korogwe asili yake si hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, iliyopona ni 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Ukashika kwa sababu unavumilia jua na ukame na tambarare ipo, hayo ni maumbile. Alafu reli ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo 1893 ikafika Moshi 1911, bandari ipo, na vibarua wakaletwa toka mikoa ya mbali mpaka leo ukiingia makambi ya mkonge unakuta wajukuu wa watu wa Kigoma na Songea wanaongea Kiswahili cha Tanga, hapo ushaingia kwenye binadamu, usafiri, uhamaji, makazi. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, baadae kamba za plastiki zikajaa sokoni bei ikaporomoka na mashamba mengine yakageuka pori. Zao moja tu hilo na matawi karibu yote umeshayapitia.

nahodha_sahare
Mwalimu umesema vizuri ila watu wa bara bana, bahari mnaisahau kila siku hahaha. Mwambie dogo ateremke ufukweni siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hayo ndo maji ya bamvua, jua na mwezi vinavuta mstari mmoja basi maji yanajaa sana na yakitoka yanatoka sana, tofauti huku kwetu inapita mita 3, unaona mashua zimelala kwenye mchanga. Mwezi ukiwa nusu yanakuwa maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Wavuvi na wakinamama wa mwani ratiba yao yote ipo hapo, huwezi ukamwambia mtu wa mwani kazi ni saa mbili asubuhi kila siku.

Na pepo pia, kaskazi inavuma kuanzia kama mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, kusi inashika kuanzia mwezi wa nne wa tano. Majahazi ya Uarabuni na India yalikuwa yanakuja na kaskazi yanarudi na kusi, katikati hapo wageni wanakaa miezi wanasubiri upepo ugeuke, wanafanya biashara wanaoa. Sasa hiyo utaiita maumbile au binadamu?

mwl_korogwe
Zote mbili nahodha, na ndo maana sipendi ule mchoro wa matawi, unawafanya watoto wadhani kila tawi lina ukuta.

mkaole_halisi
Nipo Bagamoyo, naongezea hapo kwa nahodha. Sisi ndo tulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, pembe na watumwa vyote vilishukia hapa, na Wajerumani wakaanza kwa kuweka makao makuu yao hapahapa. Mwaka 1891 wakahamia Dar. Kwa nini? Pwani yetu ni ya maji mafupi, jahazi linaegeshwa mchangani halina tatizo lakini meli ya moshi inabidi itie nanga huko mbali, Dar kuna bandari ya asili yenye kina. Kina cha maji tu kikaamua mji gani ukue na upi ubaki na magofu. Nyie Tanga mna ghuba imejificha vizuri ndo maana hata bomba la mafuta la kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linakuja kuishia kwenu Chongoleani. Wivu upo lakini ndo jiografia.

mzee_wa_point
Yote mazuri lakini tuwe wakweli, mtoto atakula Jiografia? Mwambieni akomae na hesabu na fizikia.

ramani_tu
Mzee wa point mimi inanilisha mwaka wa ngapi sijui, nafanya mifumo ya taarifa za kijiografia, hilo bomba alilolitaja mkaole halikupita kwa kubahatisha, lazima mtu akae na picha za satelaiti na ramani aangalie miteremko, mito, vijiji, hifadhi, nani atalipwa fidia. Na hesabu ipo humohumo, usizitenganishe.

Dogo aanze na skeli. Ramani ya 1:50,000 maana yake sentimita 2 karatasini ni kilomita 1 ardhini, mpe rula apime mwenyewe umbali.

Alafu longitudo na latitudo, yaani mistari ya ramani inayosimama toka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini na ile inayolala sambamba na ikweta, hapa wengi wanakariri mistari bila kujua inawasaidia nini. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwahiyo nyuzi 15 ni saa moja na nyuzi 1 ni dakika 4. Saa yetu Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo ya 45 mashariki lakini Tanga tupo kwenye 39, tofauti nyuzi 6, mara 4 ni dakika 24. Ndo maana adhana ya adhuhuri Tanga hailii saa sita kamili, jua linafika kati kwenye saa sita na dakika ishirini na kitu. Mwezi wa pili linachelewa zaidi, linapita saa sita na nusu, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja linawahi mpaka kama saa sita na dakika kumi, sababu njia ya dunia kuzunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Achukue kalenda ya msikitini alinganishe.

Latitudo nayo, Tanga ni kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwahiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa wa kumi. Siku hizo adhuhuri asimamishe kijiti wima uani, kivuli karibu kitapotea. Kwa vivuli hivyohivyo msomi wa Kigiriki Eratosthenes kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita alikadiria mzunguko wa dunia nzima, alilinganisha kivuli cha Alexandria na cha Aswan siku moja.

mtoto_wa_makorora
Aisee ya adhuhuri sikuwahi kuiwaza kabisa. Moja tu imebaki, hali ya hewa na tabianchi tofauti yake nini? Dogo kaandika zote maana karibu moja.

mwl_korogwe
Leo Tanga mvua, kesho jua kali, hiyo hali ya hewa. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kawaida inachukuliwa 30. Kusema Tanga ina masika na vuli ni tabianchi, kusema vuli mwaka huu imechelewa ni hali ya hewa.

Mfano mzuri ni Usambara. Upepo wenye unyevu unatoka baharini unagonga mlima unapanda, unapoa, mvua inamwagika upande wa mashariki, Amani inapata karibu milimita 1,900 kwa mwaka na chai inastawi. Upepo ukivuka umeshakauka, ukifika Mkomazi na Same unakuta vichaka vya miiba. Na huku Lushoto watu wamebanana wanalima mpaka kwenye miteremko mikali, udongo unateremka na maji, wakati Kilindi kuna maeneo unatembea hukutani na nyumba. Muulize kwa nini, akijibu mwenyewe kashaelewa somo.

mtoto_wa_makorora
Nashukuru sana wakuu. Jumamosi nafikiria kumpeleka Mapango ya Amboni, itamsaidia?

mwl_korogwe
Sana. Ule ni mwamba wa chokaa, maji ya mvua yakibeba hewa ya ukaa yanakuwa na asidi kidogo yanautafuna taratibu kwa muda mrefu mno, na chokaa ya ukanda huohuo ndo inayolisha kiwanda cha saruji Pongwe. Abebe tochi na kichupa cha siki, akiidondoshea jiwe la chokaa litatoa mapovu. Ila aokote kokoto nje njiani, asije akamwaga mle ndani mtafukuzwa.

nahodha_sahare
Na viatu viwe vya kushika chini, kuna sehemu zinateleza na kuna sehemu unapita kwa kuinama.